Programu ya kuwakutanisha wenye mbwa na watembezaji: uanzie wapi?

Swali: Ninajifunza kutengeneza programu za simu, na mradi wangu wa kwanza wa maana nataka uwe wa kuwakutanisha wenye mbwa na watu wa kuwatembezea. Nimechora skrini ya kwanza: ramani yenye watembezaji walio karibu, mwenye mbwa anabonyeza, na aliye karibu zaidi anakuja, kama teksi za kuitwa kwa simu. Je, niko kwenye njia sahihi? Na nianze na nini: hifadhidata, ramani au malipo? Pia, nitengenezee Android au iPhone?

Jibu: Ramani uliyochora iweke kando kwanza. Utaihitaji baadaye, ila si kwenye skrini ya kwanza, wala si kwa kazi uliyoipa.

Anayeita teksi hajali sana dereva ni nani, ilimradi gari lije na limfikishe aendako. Kesho atabebwa na mwingine, na jina la huyu wa leo hatalikumbuka. Mwenye mbwa hutafuta mtembezaji kama mzazi anavyotafuta yaya: anataka mtu mmoja, amjue, amwamini, na akishampata hataki kubadilishiwa. Mtu huyo ataingia nyumbani wakati wenyewe hawapo, atashika ufunguo wao, na ataondoka na mnyama asiyeweza kusimulia kilichompata njiani. Ukiliweka hilo mbele, karibu kila uamuzi wako utabadilika, kuanzia skrini na majedwali hadi malipo na namna utakavyopima kama programu inafanya kazi.

Biashara hii tayari ina historia ya kujifunzia. Rover, kampuni ya programu kama hii, ilianzishwa Seattle, Marekani, mwaka 2011, na tangu mwanzo ilimwacha mwenye mbwa asome wasifu wa watu na achague mwenyewe. Mshindani wake, Wag, ilianza mwaka 2015 ikijulikana zaidi kwa mtembezaji wa kuitwa papo hapo. Mwaka 2018 mfuko wa uwekezaji wa SoftBank uliingiza dola milioni 300 katika Wag, na mwishoni mwa 2019 mfuko huohuo ukajiondoa. Rover ilinunuliwa na kampuni ya Blackstone kwa takribani dola bilioni 2.3, mauzo yaliyokamilika mwaka 2024. Siwezi kusema muundo peke yake ndio ulioamua hayo yote. Uongozi, mtaji na soko vina sehemu yao. Lakini ukinilazimisha nichague, mimi naamini katika programu inayojenga uhusiano kuliko ile inayotafuta mtu wa karibu.

Basi skrini ya kwanza iwe na nini? Kwa mtumiaji mpya, orodha fupi ya watembezaji wanaomfaa mbwa wake, si wote waliopo. Kwa anayerudi, kitu kimoja kikubwa: matembezi yanayofuata, na kitufe cha kumwomba yuleyule wa mara iliyopita. Na kabla ya matembezi ya kwanza kabisa, weka hatua ya kukutana: mtembezaji anafika, mwenye mbwa yupo, mbwa anamnusa mgeni, wanazunguka kidogo pamoja. Ifanye hatua rasmi ndani ya mfumo, yenye tarehe na uthibitisho wa pande zote mbili, na usimruhusu mtu kuagiza matembezi bila kuipitia. Utapoteza wateja wachache wenye haraka. Wapoteze. Mbwa mwoga anayechukuliwa na mtu asiyemfahamu, katika nyumba isiyo na mtu mwingine, ndiye mbwa anayechomoka mlangoni.

Nakuja kwenye hifadhidata. Wanaoanza wengi humweka mbwa ndani ya jedwali la mmiliki, kama safu mbili tatu za jina na aina. Mpe mbwa jedwali lake. Nyumba moja inaweza kuwa na mbwa watatu na watu wawili wanaowaagizia. Mbwa anaweza kuhamia kwa mtu mwingine. Na historia yake ya kung'ata, kuugua au kuogopa inapaswa kumfuata yeye. Humo weka uzito, kwa sababu mbwa wa kilo 45 akivuta si kila mtu anaweza kumzuia. Weka kama anavaa ukosi au mkanda wa kifuani, kama anaitika akiitwa, kama anaogopa baiskeli, watoto au mbwa wengine, dawa anazotumia, na simu ya daktari wake wa mifugo. Akiwa na chipu chini ya ngozi, namba yake kwa kiwango cha kimataifa ina tarakimu 15. Ihifadhi kama maandishi, maana inaweza kuanza na sifuri na hifadhidata ikaila.

Chanjo ya kichaa cha mbwa isiwe alama ya tiki tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishatokea ugonjwa huo huua karibu kila mara. Kwa hiyo hifadhi tarehe ya kuchanjwa na tarehe ya mwisho wa kinga, mkumbushe mwenye mbwa mwezi mmoja kabla, na tarehe ikipita mfumo ukatae agizo jipya. Ndani ya programu ya mtembezaji weka ukurasa wa dharura unaofunguka hata bila mtandao. Mstari wake wa kwanza kuhusu kung'atwa uwe huu: osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kuchelewa.

Jedwali la pili litakalokuumiza kichwa ni la agizo, na hapa ndipo ningekaa siku nyingi kuliko kwenye ramani. Chora hali zote ambazo agizo moja linaweza kupitia: limeombwa, limekubaliwa, mtembezaji amefika, mbwa yuko mikononi mwake, mbwa amerudishwa, mwenye mbwa amethibitisha, limelipwa. Kisha chora njia mbaya: limeghairiwa na huyu au yule, mtembezaji hakufika, mlango haufunguki, mbwa anaumwa, mbwa amepotea. Angalia kwamba sikuandika "matembezi yameanza". Neno hilo halisemi nani ana mbwa kwa dakika hii, na siku ya tatizo hilo ndilo swali pekee ambalo kila mtu ataliuliza. Mabadiliko ya hali yafanywe na seva (kompyuta kuu inayohudumia simu zote), na kila badiliko liandikwe kama tukio jipya lenye saa na jina la aliyelifanya. Usifute la zamani ukaandika jipya juu yake.

Kuhusu saa, matukio yaliyokwisha kutokea yahifadhi kwa saa ya kimataifa ya UTC. Lakini agizo la kujirudia, tuseme kila Jumanne saa sita mchana, lihifadhi kama saa ya mahali pamoja na jina la ukanda wa saa. Ukiligeuza kuwa UTC mapema, penye nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka mtembezaji atajikuta amefika saa nzima kabla au baada ya muda.

Tuingie kwenye programu ya mtembezaji, ambayo wabunifu wengi huipa nguvu kidogo kwa sababu anayelipa ni mwenye mbwa. Huyu mtu ana mkono mmoja tu. Wa pili umeshika kamba, na mwishoni mwa kamba yuko mnyama aliyemwona paka. Jua linawaka juu ya kioo, au mvua inanyesha. Kila kitu anachokihitaji njiani kifikiwe na kidole gumba, sehemu ya chini ya skrini, kwa vitufe vikubwa. Google hupendekeza sehemu ya kugusa isipungue takribani milimita 9 kila upande. Kwa kazi hii iongeze mara mbili. Vitufe vinne vinatosha: picha, haja ndogo, haja kubwa, maji. Cha dharura kikae peke yake na kihitaji kubonyezwa kwa sekunde mbili, kisije kikapigwa mfukoni. Usimtake aandike chochote hadi mbwa arudi ndani na mlango ufungwe.

Ile taarifa ya haja kubwa wengine huiona ni jambo la kuchekesha, lakini daktari wa mifugo ataithamini. Mbwa aliyeharisha siku tatu mfululizo huku mwenyewe yuko kazini hatajulikana kwa njia nyingine.

Fikiria pia joto. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hupoa zaidi kwa kuhema, na wale wenye pua fupi kama bulldog na pug hushindwa mapema. Lami iliyopigwa na jua huunguza nyayo. Kama utabiri unaonyesha joto kali, programu ipendekeze kusogeza muda au kufupisha matembezi, na hapa kuna jambo la haki ambalo lazima ulijenge kwenye hesabu zako: mtembezaji aliyemrudisha mbwa mapema ili kumnusuru asikatwe malipo. Ukimlipa kwa umbali au kwa dakika alizokuwa barabarani, umemfundisha kumburuza mbwa aliyechoka.

Sasa ufuatiliaji wa njia, ndiyo ramani yako inarudi. Fuatilia kuanzia mbwa alipochukuliwa hadi aliporudishwa, basi. Usiombe ruhusa ya mahali wakati mtu anajisajili. Iombe anapoanza matembezi yake ya kwanza, sababu ikiwa mbele ya macho yake. Tangu Android 8, ya mwaka 2017, programu iliyofichwa nyuma hupewa taarifa ya mahali mara chache tu kwa saa, kwa hiyo utahitaji huduma inayoendeshwa ikiwa na arifa ya kudumu juu ya skrini. Android 10 ilitenganisha ruhusa ya kufuatilia mahali programu ikiwa nyuma, na Android 14 inakutaka utaje aina ya huduma unayoiendesha. Habari njema ni kwamba mtembezaji akiianzisha mwenyewe programu ikiwa wazi mbele yake, ruhusa ya kawaida ya "wakati wa kutumia programu" inatosha, kwenye Android na kwenye iPhone pia. Usiombe zaidi ya hiyo. Wakaguzi wa maduka ya programu watakuuliza, na watumiaji wako wana haki ya kuuliza pia.

Nukta moja kila sekunde 5 hukupa nukta 720 kwa saa, kiasi ambacho simu na seva hukibeba bila shida. Ziandike kwanza ndani ya simu, kwenye SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu), kila moja na kitambulisho chake, halafu zitume kwa mafungu. Seva ikipokea kitambulisho ilichonacho tayari, ipuuze. Kwa njia hiyo mtandao ukikatika na kurudi hutapoteza njia wala kuihesabu mara mbili. GPS ya simu chini ya anga wazi hukosea kwa mita 5 hivi, lakini kati ya majengo marefu inaweza kuruka mitaa miwili. Kila nukta huja na makadirio ya usahihi wake: tupa zenye makosa ya zaidi ya mita 30, na tupa zinazodai kwamba mtu na mbwa walikimbia mita 15 kwa sekunde. Ukitaka mstari mwepesi wa kuonyesha, wenye nukta chache lakini umbo lilelile, kanuni ya Douglas na Peucker ya mwaka 1973 bado inafanya kazi hiyo vizuri.

Kwa mwenye mbwa anayetazama akiwa kazini, ramani ikijisasisha kila nusu dakika inamtosha. Kinachomtia hofu ni nukta iliyosimama. Mtandao ukikatika kwa dakika kumi na ramani ikaendelea kuonyesha nukta palepale, ataamini mtembezaji amekaa kwenye benchi, atapiga simu, na uaminifu uliojengwa kwa miezi utatikisika kwa kosa la programu. Onyesha wazi kwamba taarifa haijafika tangu saa fulani. Nukta zikifika baadaye, jaza njia.

Halafu kuna hatari ambayo wanaoanza huiona wakiwa wamechelewa. Mwezi Novemba 2017 Strava, kampuni ya programu ya kurekodi mazoezi, ilichapisha ramani ya dunia ya njia za watu wanaofanya mazoezi, bila majina. Januari 2018 ikagundulika kwamba ramani hiyo ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikimbia wakizizunguka. Njia ya mbwa wako huanza na kuishia kwenye mlango wa nyumba, na inatangaza kwamba saa hizo wenyewe hawapo. Isionwe na yeyote zaidi ya wahusika wawili. Mwenye mbwa akitaka kuionyesha kwa marafiki, kata mita 200 za mwanzo na za mwisho. Kabla agizo halijakubaliwa, mtembezaji aone duara la eneo tu, na kitovu cha duara hilo kisogezwe kidogo kutoka kwenye nyumba, mara moja, kisha kihifadhiwe. Ukikisogeza upya kila ukurasa unapofunguliwa, mtu mwenye subira atakusanya vitovu mia, atafute wastani, na wastani huo ni nyumba yenyewe.

Maelezo ya ufunguo na namba za mlango yasimbwe kwa njia fiche, yaonekane kuanzia nusu saa kabla ya matembezi hadi mbwa anaporudishwa, na kila anayeyafungua aandikwe. Anwani isitokee kamwe kwenye arifa ya skrini iliyofungwa. Picha zinazopigwa uziondolee taarifa za mahali zilizojificha ndani yake kabla ya kuzihifadhi. Na weka njia ya kufuta akaunti ndani ya programu yenyewe. Kwa programu zinazoruhusu kufungua akaunti, Apple imeifanya kuwa sharti tangu Juni 2022.

Malipo nitayapitia haraka, kwa kuwa watoa huduma za malipo wameshafanya sehemu ngumu. Kutembeza mbwa ni huduma inayotumika nje ya simu, kwa hiyo kanuni za Apple hazikutaki kutumia mfumo wao wa ununuzi wa ndani na kukatwa asilimia yao. Zuia fedha kwenye kadi siku moja kabla, zichukue mbwa akisharudi. Ukizizuia wiki tatu mapema, zuio litaisha muda wake kabla ya siku yenyewe. Hifadhi kiasi kwa namba kamili za sehemu ndogo kabisa ya sarafu, usitumie desimali. Kila ombi la malipo lipewe kitambulisho chake cha pekee, ili kidole kilichobonyeza mara mbili kisimkate mtu mara mbili.

Swali gumu la fedha liko kwingine: baada ya matembezi matatu watapeana namba za simu na kulipana mkononi. Programu nyingi hujibu kwa kuficha namba na kuchuja maneno kwenye ujumbe. Mimi sipendi njia hiyo, na mtembezaji anayehitaji kupiga simu mbwa akianza kutapika hataipenda. Wape sababu ya kubaki: malipo yanayojiendesha kila wiki, kumbukumbu za afya, bima kama utaweza kuipata, na kamisheni inayopungua kadiri wawili hao wanavyoendelea pamoja. Na wape mbadala. Mwenye mbwa achague mapema mtembezaji wa pili, akutane na mbwa kama wa kwanza alivyokutana, ili wa kwanza akiugua asubuhi wawepo watu wawili wanaomjua mnyama. Hilo watu wawili waliopeana namba hawawezi kujifanyia kirahisi.

Kwenye tathmini, usimwombe mtu nyota tano kila siku. Atabonyeza bila kusoma. Uliza baada ya matembezi ya tatu, na uliza mambo yanayojibika: alifika kwa wakati, alibadilisha maji, alifunga mlango? Mtembezaji naye ajibu kuhusu mbwa: alinguruma, alivuta sana, alijaribu kutoroka? Majibu ya pande mbili yafunguliwe kwa pamoja, kama Airbnb, kampuni ya kupangisha malazi, ilivyoanza kufanya mwaka 2014, ili mmoja asiandike kwa kuogopa kulipiziwa. Jibu la kwamba mbwa alinguruma lifike kwa mtembezaji anayefuata hata kama mwenyewe angependa lifichwe. Usalama wa mtu unatangulia aibu ya mwenye mbwa.

Kuhakiki kitambulisho na rekodi ya polisi ni vizuri panaporuhusiwa na sheria, ila hakumwambii mtu kama mgombea anajua kufunga mkanda wa kifuani au kusoma mkia wa mbwa aliyeogopa. Kwa hilo, kule kukutana kwa mara ya kwanza ndiko mtihani. Idadi ya mbwa ambao mtu mmoja anaweza kuwachukua kwa pamoja iweke kwenye mipangilio ya kila eneo, kwa sababu sheria hutofautiana kutoka mji hadi mji.

Android au iPhone? Kwa mtu mmoja anayejifunza, tumia Flutter au React Native, zana za kutengenezea programu, upate zote mbili kwa msimbo mmoja, ila sehemu ya ufuatiliaji wa mahali ijaribu kwenye simu halisi za aina kadhaa, skrini ikiwa imezimwa na simu ikiwa mfukoni kwa saa nzima. Kwenye kompyuta itaonekana inafanya kazi siku zote.

Na kuhusu uanze na nini: anza na jedwali la mbwa, hali za agizo na skrini ya mtembezaji. Ramani ifuate, malipo yaje mwisho. Kabla ya hayo yote tafuta wenye mbwa watano na watembezaji wawili wanaoishi mtaa mmoja, maana mtembezaji huenda kwa miguu na programu yenye watu waliotawanyika mji mzima haina mtu wa kumfaa yeyote. Waendeshe kwa wiki chache kwa karatasi na kundi la ujumbe, wewe ukiwa ndiwe seva. Andika kila swali wanalokuuliza mbwa akiwa nje. Kisha hesabu ni jozi ngapi zilifika matembezi ya tano zikiwa bado pamoja, na zile zilizoachana uziulize kwa nini kabla hujaandika mstari wa kwanza wa msimbo.